Barabara ya Waliotumwa: Tathmini ya Chapa Tano za Tokaido Zilizochongwa Upya

Chapa tano ninazozitathmini hapa ni nakala za mkono za picha za mchoraji wa Kijapani Utagawa Hiroshige, zilizochapwa kwa mbao za kuchonga, kutoka katika mfululizo wake wa vituo 53 vya barabara ya Tokaido. Mfululizo wenyewe ulitoka mjini Edo, ambayo ndiyo Tokyo ya leo, kati ya mwaka 1833 na 1834. Una picha 55, kwa kuwa daraja la Nihonbashi, ambako safari ilianzia, na jiji la Kyoto, ilikoishia, viliongezwa juu ya vile vituo 53. Nakala hizi zimetengenezwa na mojawapo ya karakana chache za Tokyo ambazo bado zinachonga mbao upya kwa kufuata chapa za zamani na kuchapa kila rangi kwa mkono. Nne kati yake, yaani Nihonbashi, Kanbara, Shono na Seki, zinauzwa mojamoja. Ya tano, Fujieda, ilibidi niiombe kwa oda maalumu na kuisubiri mpaka zamu yake ya kuchapwa ilipofika.

Bei ya chapa moja ya namna hii inatosha kununulia mabango kadhaa ya mashine, kwa hiyo mnunuzi ana haki ya kuuliza anapata nini zaidi. Jibu la kawaida ni kwamba anapata rangi safi na karatasi nzuri. Jibu hilo ni la kweli, lakini kwangu halitoshi. Ninachotaka kujua ni kama chapa hizi zimehifadhi zile alama ndogondogo ambazo kwazo Hiroshige alionyesha kwamba barabara yake imejaa watu waliotumwa. Wauzaji wengi huzinadi picha za Tokaido kama mandhari ya theluji, mvua na Mlima Fuji. Mimi naziona kwanza kuwa ni picha za wajibu, na hali ya hewa iliyomo humo naiona kuwa ndiyo mizani ambayo mchoraji aliitumia kuupima uzito wa wajibu huo juu ya migongo ya watu.

Historia ya barabara yenyewe inalazimisha mtazamo huo. Tokaido ilikuwa na urefu wa kilomita 500 hivi, na Tokugawa Ieyasu, mwanzilishi wa utawala wa kijeshi wa Edo, alianza kuipangia vituo mwaka 1601 ili amri, askari na habari za serikali zipite kati ya Edo na Kyoto bila kukwama. Mwaka 1635 mjukuu wake Iemitsu, aliyekuwa shogun, yaani mtawala wa kijeshi wa nchi, aliuweka kisheria utaratibu wa kuwataka mabwana wa majimbo, wanaoitwa daimyo, kuishi Edo na majimboni kwao kwa kupokezana, kwa kawaida mwaka huku na mwaka kule, huku wake zao na warithi wao wakibaki Edo kama rehani. Misafara mikubwa tunayoiona katika picha hizi, yenye mikuki iliyovikwa manyoya, masanduku ya kubebwa begani na machela yaliyofungwa, ilikuwa ni utii uliovishwa fahari. Walinzi wa vituo vya ukaguzi vya Hakone na Arai waliangalia hasa bunduki zilizoingia upande wa Edo na wanawake waliotoka, kwa sababu bwana aliyemtorosha mkewe kimyakimya angeweza kuwa anajiandaa kuasi. Mtu anayelijua hilo haitazami tena picha ya Hakone kama zamani, kwani mlima umechorwa mkubwa mno, kwa vipande vya rangi nyingi vilivyosimama juu ya ziwa, na kati ya majabali msafara umebanwa hata watu wote wamebaki kuwa kofia tu zinazofuatana.

Mchoraji mwenyewe alizaliwa ndani ya wajibu wa namna hiyo. Alizaliwa mwaka 1797, mtoto wa ofisa mdogo wa kikosi cha zimamoto kilichokuwa na kambi yake karibu na ngome ya shogun. Mwaka 1809, akiwa na umri wa miaka 12 hivi, alifiwa na mama yake, akarithishwa kazi ya baba, kisha akafiwa na baba pia. Kwa miaka mingi alichora huku jina lake likiwa katika daftari la zimamoto, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1830 alipowaachia jamaa zake wadhifa huo kabisa. Inasimuliwa kwamba mwaka 1832 alifuatana na ujumbe wa shogun uliopeleka farasi kwa Kaizari huko Kyoto, na kwamba michoro ya Tokaido ilitokana na safari hiyo. Wataalamu kadhaa wanaitilia shaka habari hiyo, nami siihitaji ili niamini kwamba aliyechora picha hizi alijua vizuri maana ya kuamshwa kabla ya alfajiri kwa amri ya mkubwa.

Chapa ya Nihonbashi ndiyo inayofungua mfululizo, na katika nakala hii imefanywa kwa uangalifu mkubwa. Mageti ya mbao yamefunguliwa pande zote mbili, na katikati yake msafara wa bwana fulani unajitokeza juu ya mgongo wa daraja: mbele wamo wachukuzi wa masanduku, nyuma yao mikuki mirefu yenye manyoya imesimama ikikata anga la mapambazuko. Chini kushoto, mbele ya mbao za matangazo ya serikali, wauza samaki wenye vikapu wanageuka kuupisha msafara, na upande wa kulia mbwa wanazurura. Asubuhi moja imewakutanisha bwana ambaye hana budi kuondoka mjini kwa kuwa muda wake umefika, na wachuuzi ambao samaki wao hawawezi kungoja jua lipande. Mchongaji wa karakana hii amezihifadhi nyuso za wauza samaki kwa mistari myembamba sana, hata unaweza kuona nani anatazama nyuma na nani ameinamia mzigo wake. Zamani picha hii ilitolewa kwa namna mbili, kwa kuwa baadaye ilichongwa upya na umati mkubwa wa watu ukaongezwa. Karakana imefuata ile yenye watu wachache, na naona imechagua vizuri, kwa sababu umati ukizidi msafara humezwa na picha hugeuka kuwa ya soko.

Shono, kituo cha 45, ni picha ya mvua ya ghafla, na ndiyo ambayo wengi huitafuta kabla ya nyingine zote. Mvua imechapwa kwa mistari ya kijivu inayoshuka mshazari, na nyuma yake mianzi inapindishwa na upepo ikiwa kivuli kitupu, bila mstari wa wino wa kuizunguka, safu moja ikiwa imekolea na nyingine ikifuata kwa kufifia mpaka inakaribia kupotea. Katika mteremko huo huo watu wamegawanyika. Wachukuzi wa machela wanapanda, vichwa wameviinamisha, na abiria wao amefichwa chini ya kifuniko cha mvua. Wanaoteremka wanakimbia kuelekea kwenye mapaa ya nyasi yaliyo chini, mmoja ameshika mwavuli alioukabili kwenye upepo, mwingine ana jembe na amevaa koti la mvua la majani. Mvua ni moja na njia ni moja, lakini mwenye jembe anaweza kukimbilia kwake, ilhali waliobeba machela wamekodiwa na hawana pa kukimbilia mpaka wafike walikotumwa. Katika mfululizo mzima sijaona picha inayotenganisha kwa uwazi zaidi mtu aliye huru kujikinga na mtu ambaye bega lake ni la mwingine hadi mwisho wa safari.

Kwa upande wa kazi ya mikono, karatasi hii inastahili sifa. Mistari ya mvua ni myembamba na haijakatika popote, jambo ambalo si dogo, kwa sababu mistari hiyo huachwa imesimama kwenye ubao baada ya mbao yote ya pembeni kuondolewa, na kosa moja la patasi huivunja. Kufifia kwa mianzi kumefanywa kwa kupangusa maji na rangi juu ya ubao kabla ya kila kuchapa, kazi ambayo mchapaji huirudia upya kwa kila karatasi. Lakini kuna jambo limenihuzunisha. Katika chapa za mwanzo mwavuli wa yule mkimbiaji una maandishi, nayo ni jina la Takenouchi, mchapishaji wa mfululizo, pamoja na maneno yanayotaja vituo 53, yaani jina la mfululizo wenyewe. Katika nakala hii mwavuli ni mtupu, kwa kuwa karakana imefuata chapa za baadaye ambazo maandishi hayo yaliondolewa, na karatasi ya maelezo haikumwambia mnunuzi lolote kuhusu hilo.

Huenda msomaji akaona kwamba nalalamikia kitu kidogo, kwa hiyo nieleze kwa nini nakiona kikubwa. Takenouchi Magohachi, mwenye nyumba ya uchapishaji iliyoitwa Hoeido, ndiye aliyetoa mfululizo huu, na mwanzoni alishirikiana na mchapishaji mkongwe, Tsuruya Kiemon. Jina lake limesambazwa katika picha kadhaa, kwenye matandiko ya farasi, kwenye taa na kwenye mizigo, sambamba na alama ya Hiroshige mwenyewe, iliyotengenezwa kwa silabi mbili za mwanzo za jina lake zilizofungwa katika umbo la almasi. Sheria za uchapishaji za wakati ule hazikuruhusu watawala waonyeshwe waziwazi, na kila picha ilipaswa kupata muhuri wa mkaguzi, kwa hiyo nembo za kweli za daimyo hazingeweza kuwekwa humo. Pengo hilo likajazwa na majina ya wafanyakazi wa picha, hata ikawa kwamba farasi anayepita na mzigo wa serikali amefunikwa kwa kitambaa cha mchapishaji, na mtu anayekimbia mvuani amebeba tangazo la kazi iliyomchora. Wajibu wa barabara na wajibu wa karakana vimeunganishwa katika mzigo mmoja. Ukiufuta mwavuli, picha inabaki nzuri, lakini uzi huo unakatika.

Uzi huo umehifadhiwa kikamilifu katika chapa ya Seki, na ndiyo maana naipa nafasi ya juu kuliko wengi wanavyofanya. Inaonyesha nyumba ya wageni wakuu kabla ya mapambazuko, siku ambayo bwana fulani anaondoka mapema. Taa zimewashwa, watumishi wanashughulika kuweka mambo tayari, na bwana mwenyewe haonekani, kwa sababu picha ni ya wale wanaopaswa kuwa tayari kabla yake. Mapazia yaliyofungwa kuizunguka nyumba yana nembo ambayo ni mchezo wa herufi za jina Tanaka, ukoo aliotoka baba yake Hiroshige kabla ya kuchukuliwa kama mtoto katika ukoo wa Ando. Kwa hiyo mtoto wa ofisa mdogo wa zimamoto amelitundika jina la wazee wake mahali ambapo kwa kawaida lingekuwapo jina la bwana wa jimbo. Ndani ya nyumba zimeangikwa mbao ambazo mtu angetarajia ziwe na majina ya wageni wakubwa, kumbe zinatangaza poda ya uso iliyouzwa Edo. Nakala hii imeyahifadhi maandishi hayo yote wazi kabisa, hata yale madogo yaliyo chini ya kivuli cha paa. Giza la alfajiri nalo limetulia vizuri: taa zinatoa mwanga hafifu bila kuugeuza ua wote kuwa mchana, kosa ambalo nimeliona katika nakala nyingi za mashine.

Sasa Fujieda, kituo cha 22, picha ambayo ningependa kila anayezungumzia safari katika sanaa ya Kijapani aanze nayo. Haina mlima maarufu, haina theluji wala mwezi. Inaonyesha ofisi ya kituo wakati watu na farasi wanabadilishwa. Utaratibu wa Tokaido ulikuwa kwamba mzigo wa serikali haukuvuka kituo na mchukuzi yule yule. Ulishushwa, ukakaguliwa, ukapakiwa upya kwa watu na farasi wa kituo hicho, nao wakaupeleka hadi kituo kinachofuata na kurudi kwao. Kila kituo cha barabara hii kilitakiwa kuwa na wachukuzi 100 na farasi 100 tayari. Misafara ilipozidi uwezo huo, vijiji vya jirani vililazimika kutoa watu na wanyama wao, na mwaka 1694 wajibu huo wa vijiji ukapangwa rasmi. Mkulima aliyekuwa na shamba lake la mpunga angeweza kuitwa abebe mzigo wa bwana asiyemjua, katika majira ambayo mpunga wake mwenyewe ulimhitaji.

Hayo yote yamo katika karatasi hii kwa anayekubali kuitazama taratibu. Maofisa wamekaa mahali palipoinuka pamoja na hati zao, na chini yao wachukuzi walio nusu uchi wanashughulikia mizigo. Mmoja ameutua mzigo wake na anajifuta jasho kwa kitambaa. Mwili wake umechorwa kwa mistari michache ya wino na rangi moja ya ngozi, na bado unaona jinsi bega lilivyolegea baada ya kuachiwa na uzito. Nimeilinganisha sehemu hii na picha kubwa za chapa ya zamani na sikuona mstari uliopotea. Ninavutiwa pia na jinsi Hiroshige alivyotenganisha walioketi na waliosimama: wenye kalamu wako juu na wamevaa nguo kamili, wenye mabega wako chini na wamebaki na kitambaa kiunoni, wala hapana aliyedhihakiwa. Kuna watu wanaodai kwamba chapa za aina hii zilitengenezwa kuwaburudisha watu wa mjini tu. Karatasi ya Fujieda, iliyouzwa kwa watu wale wale wa mjini, inawaonyesha bila kificho ni nani waliokuwa wakiwasukumia maisha yao.

Kuhusu Kanbara sina mengi. Ni picha ya watu watatu wanaotembea usiku wa theluji nzito, mahali ambapo theluji ya namna hiyo ni nadra, na kwa hiyo ni picha ya hali ya moyo kuliko ya hali ya hewa. Wawili wanakwenda pamoja na mmoja anakwenda upande wa pili peke yake, na hakuna anayemtazama mwenzake. Zamani ilichapwa kwa namna mbili, giza likiwa limekolea ama juu kabisa ya anga au chini nyuma ya mapaa. Karakana imechagua giza la juu na kulifanya zito mno, hata ukingo wa karatasi umekuwa kama mkanda mweusi uliobandikwa. Kati ya zote tano, hii ndiyo ninayoiona kuwa na upungufu wa mkono wa mchapaji, na nashangaa kwamba ndiyo inayowekwa mbele katika matangazo.

Karatasi iliyotumika ni ya nyuzi za mti wa jamii ya mforosadi, nene, laini na yenye nguvu ya kustahimili kusuguliwa mara nyingi. Saizi yake ni sentimita 25 kwa 38 hivi, ile ile ya zamani. Anayepokea chapa ya namna hii aigeuze kwanza nyuma. Rangi ikiwa imepenya ndani ya nyuzi na kuonekana upande wa pili, pamoja na alama za duara za kifaa cha kusugulia, basi hapo mkono umefanya kazi. Nyuma ikiwa nyeupe kabisa, ni bango. Hizi tano zote zimefaulu kipimo hicho. Rangi zake zitamshtua kidogo aliyezoea chapa za makumbusho, kwa sababu nyekundu ya maua na rangi kadhaa za mimea zilizotumika Edo hufifia zikipigwa na mwanga, ilhali buluu iliyoletwa kutoka Ulaya, ambayo ilienea Japani karibu na mwaka 1830 na kuipa Tokaido anga lake na maji yake, hudumu. Chapa ya zamani mara nyingi imebaki na buluu imara na wekundu uliochoka. Nakala mpya inarudisha uwiano wa siku ya kwanza, na kwa picha za alfajiri kama Nihonbashi tofauti hiyo ni kubwa.

Kwa asiyeweza kununua, mtandao umefungua mlango ambao zamani ulikuwa wa wachache. Makumbusho ya Metropolitan ya New York yaliruhusu tangu Februari 2017 picha za kazi zake zisizo na hakimiliki zipakuliwe na kutumiwa bure na mtu yeyote, na chapa za Hiroshige zimo. Makumbusho ya Boston yana mkusanyiko wa ndugu wawili wa ukoo wa Spaulding, zaidi ya chapa 6,000 zilizotolewa mwaka 1921 kwa sharti kwamba zisionyeshwe ukutani kamwe ili mwanga usiziharibu, kwa hiyo skrini ndiyo njia ambayo umma unaweza kuzifikia. Huko ndiko nilikozitazama chapa za mwanzo na kujua kilichokosekana kwenye mwavuli wa Shono. Upungufu wa skrini ni kwamba haionyeshi unene wa karatasi wala kina cha rangi, na maelezo ya makumbusho hayo yameandikwa kwa Kiingereza, jambo linalowafungia nje wasomaji wengi wa Kiswahili ambao wangeyafaidi.

Nimeipenda zaidi karakana hii kwa jambo moja lisilotajwa katika matangazo yake. Pembezoni mwa kila karatasi, nje ya picha, limeandikwa jina la mchongaji na jina la mchapaji. Jambo hilo lina mzizi ndani ya Tokaido yenyewe. Katika picha ya Goyu, kituo cha 35, ambamo wanawake wa nyumba za wageni wanawavuta wapita njia kwa nguvu ili walale kwao, ukuta wa nyumba moja una duara kubwa lenye jina la Takenouchi, na pembeni yake zimeangikwa mbao zinazomtaja mchongaji Jirobei na mchapaji Heibei pamoja na mchoraji. Mtu aliyeketi kizingitini akioshwa miguu baada ya mwendo wa siku nzima ameketi chini ya majina ya waliofanya kazi ili yeye aonekane. Wachongaji na wachapaji wengi wa Edo walipita bila kuandikwa popote, kwa hiyo karakana inayowaandika wa leo inaelewa ilichorithi.

Karatasi ya maelezo iliyokuja na chapa, hata hivyo, ni dhaifu. Inasimulia majira ya mwaka, mapambo na umaarufu wa Hiroshige Ulaya, na haisemi neno juu ya vijiji vilivyotoa wachukuzi, rehani ya wake wa daimyo, wala vituo vya ukaguzi. Mnunuzi wa Seki ataambiwa kwamba ni picha ya taa za alfajiri, na hatajua kwa nini watu hao wameamka. Ukurasa mmoja zaidi ungetosha, na kwa bei hii sioni sababu ya kuukosa.

Kwa anayetaka kununua moja tu, ningempa Seki bila kusita. Akiweza mbili, aongeze Fujieda, hata kama itabidi angoje. Shono aichukue baada ya kuuliza karakana kwa maandishi kama mwavuli una herufi, na kama hauna, aombe achapiwe kwa kufuata chapa ya mwanzo, kwa sababu mchongaji anayeweza kuichonga mvua ile hashindwi na herufi chache. Kanbara aiache mpaka mchapaji apunguze wino. Aitundike mbali na dirisha, na aibadilishe na nyingine kila baada ya miezi michache, kwani hata rangi mpya huchoshwa na jua.

Ombi langu kwa karakana hii na nyingine za aina yake linahusu orodha yao ya chapa za kuuzwa mojamoja. Humo zimejaa theluji, mvua, maua na Fuji. Fujieda haimo. Hiratsuka, ambamo tarishi anakimbia na barua kwenye njia iliyojipinda shambani akipishana na wachukuzi wa machela matupu, haimo. Arai, ambamo bwana anavushwa kwa mashua iliyofungwa mapazia huku watumishi wake, katika mashua nyingine, wakipiga miayo na kujinyoosha kwa uchovu, nayo haimo. Hizo hupatikana kwa kununua seti nzima ya chapa 55, au kwa oda maalumu ambayo wengi hawajui kwamba inawezekana. Ziwekwe kwenye orodha, kwa bei ile ile ya nyingine.